Jezi Namba Tisa Iliyorudi Safi

Vijana mliopokea funguo za stoo ya vifaa vya timu, kufuli la mlango wa nyuma halifunguki mpaka mlinyanyue kidogo kwa kidole. Naanza na hilo kwa sababu nililisahau siku ya kuagana. Hotuba za siku ile ziliniita nguzo, zikaniita mhimili, mtu mmoja akaniita taa, lakini hakuna aliyetaja kufuli. Nimekaa nyumbani sasa, miguu juu ya jamvi, na kila siku nakumbuka kitu kingine nilichowaacha nacho bila maelezo. Basi nimeona niandike.

Mimi ni mtu wa Nachingwea, na kazi yangu ya kwanza ni viatu. Aliyenifundisha ni Mzee Mkapila, fundi mwenye kibanda nyuma ya soko, palipokuwa na harufu ya gundi, ngozi na karanga za kukaanga za jirani yake. Siku niliyoanza hakunipa sindano. Alinipa kiatu kimoja cha kushoto, kikuukuu, akaniambia nieleze mwenye nacho ni mtu wa namna gani.

Nilikigeuza, nikasema, "Ni mwanaume."

"Hilo hata mbuzi angelijua," alisema. "Tazama kisigino. Kimelika upande wa nje. Huyu mtu anatembea kwa haraka na hapendi anakokwenda."

Nilicheka. Baadaye mwenye kiatu akaja kukichukua: karani wa baraza la usuluhishi wa ndoa, anakimbia, uso umemkunjamana. Tangu siku hiyo sijakiangalia kiatu kama kitu cha kuvaa tu. Kwangu kiatu ni mtu aliyevuliwa.

Timu ilinipata kwa bahati. Ilikuwa imetoka Ruangwa kuja kucheza kwetu, kipa wao akachanika soli ya njumu, wakaniletea mbio wakati wa mapumziko. Nikaishona kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta ya nyuki, na kipa akarudi golini kabla ya kipyenga. Walifungwa vilevile, lakini kiatu hakikulaumiwa. Wiki iliyofuata waliniita Ruangwa, nikaenda na sindano zangu, kikopo cha gundi, na radhi ya Mzee Mkapila, ambaye aliniaga kwa kusema kwamba wachezaji mpira ni wateja wabaya kwa sababu hawatembei, wanaparamia.

Siku ya kwanza stoo ilikuwa nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa magunia ya ufuta ya mwenye nyumba. Msimu mzima jezi zetu zilinukia ufuta, na beki mmoja alilalamika kwamba kila akimkaba mtu anasikia njaa. Hapo ndipo nilipojifunza kazi ambayo ninyi mnaidhani ndogo, yaani kufua.

Vumbi la Ruangwa ni jekundu na lina kiburi. Ukilimwagia maji ya moto, umelipika, litakaa kwenye kitambaa mpaka kitambaa kife. Likung'uteni likiwa kavu. Kisha maji baridi, kisha sabuni ya mche, kisha muwe na subira. Sindano ya pampu ilowesheni kabla ya kuichoma kwenye mpira. Njumu zilizolowa msizianike juani hata siku moja. Zijazeni magazeti na kuziweka kivulini, ziache zipumue kama mgonjwa.

Na mnapofua, someni. Jezi ya kipa hunena viwikoni. Ya beki hunena nyongani. Winga mchapa kazi soksi zake zina chokaa ya mstari wa pembeni. Mara nyingi nilijua mechi ilivyokwenda kwa kuangalia beseni, kabla sijamsikia mtangazaji wa redio akiongeza chumvi.

Kulikuwa na kesi ngumu pia. Kuna kiungo aliyekuwa na mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake na hakutaka mtu ajue. Kuna kocha aliyekataa soksi za kijani kwa sababu alizoziita za kitaalamu. Na kulikuwa na kamati ya ufundi. Kila timu inayo, na sote tunajua kwamba ufundi wenyewe hauhusiani na pasi. Kwa maelekezo yao tuliwahi kuingia uwanja wa ugenini kwa kuruka ukuta, eti lango limetegwa dawa. Wachezaji wanaruka kama swala. Mimi naruka na mabegi ya vifaa. Ninyi mnaoingia langoni kwa basi, mkipunga mikono, furahini.

Lakini kesi ngumu kuliko zote aliileta Muajentina.

Aliitwa Ramiro. Alikuja mikorosho ikitoa maua, wakati hewa ya huku inakuwa na utamu unaokaribia kuumiza kichwa. Alikuwa mshambuliaji wa katikati, mrefu, mwenye nywele zilizoanza kumkimbia, na umri ambao washambuliaji wengi wameshafungua duka. Alizaliwa mji wa kusini kabisa mwa Argentina, ambako, kwa maelezo yake, upepo unavuma mpaka mbwa wanatembea upande. Baba yake alikuwa fundi wa mabasi. Ramiro alijifunza mpira kwenye gereji, na goli lilikuwa nafasi kati ya matairi mawili ya basi lililokufa.

Alicheza daraja la pili kwao. Akaenda Bolivia, ambako alisema milima imeinyima dunia pumzi. Akaenda Guatemala, akaenda Malta, akafika Omani. Kote huko alifunga mabao ya kutosha kuhitajiwa na yasiyotosha kukumbukwa. Maneno hayo ni yake, na aliyasema akicheka.

Omani ndiko alikookota Kiswahili, kwa mlinzi mzee wa klabu mwenye asili ya Unguja. Basi alitua Ruangwa na Kiswahili cha marashi. "Sabalkheri, bwana wangu, umeamkaje?" Watu wa sokoni waliacha kupima choroko ili wamsikilize. Na shikamoo alimpa kila mtu, mzee, kijana, mtoto wa chekechea. Watoto walikuwa wanampitia makusudi, mara mbili mbili, wapate kuamkiwa na jitu zima.

Njumu zake nilizisoma siku ya kwanza. Ngozi nyeusi, za zamani, zimeshonwa na mafundi wa nchi mbalimbali. Niliihesabu mishono nikaona huyu alivuta uzi kwa hasira, yule alikuwa na mkono wa kike, mwingine alikuwa mlevi au ana haraka. Pembeni mwa kidole gumba cha kulia, ndani, palikuwa pamelainika kama shavu la mtoto. Hapo ndipo mtu anapogusia mpira kwa upole. Nikajua tumepata mchezaji.

Kisha akafungua begi lake, akatoa kibuyu.

Kilikuwa kidogo, cheusi, kimevishwa ngozi kiunoni, na ndani yake kimechomekwa mrija wa chuma. Kwao ni chombo cha chai. Unatia majani, unamwagia maji ya moto kidogo kidogo, unafyonza. Jina la kinywaji hicho kwa lugha yake sitaliandika hapa, maana kwa Kiswahili ni neno la kile kinachotemwa, lisilopendeza mbele ya chakula. Desturi yao ni kwamba anayeandaa hunywa funda la kwanza, ambalo ni kali mno, na wengine hulitema chini. Baada ya hapo kibuyu kinazunguka, mmoja baada ya mwingine, mrija mmoja. Ukikikataa, umekataa urafiki.

Sasa ninyi ni watu wa huku. Fikirini wenyewe. Mgeni anakaa kizingitini mwa chumba cha kubadilishia nguo kabla ya mechi, ameshika kibuyu cheusi. Anafyonza, anageukia uwanja, anatema. Kisha anawanyooshea wachezaji wenzake, anatabasamu, anasema, "Karibuni, ndugu zangu."

Wachezaji wakainamia kamba za njumu zao.

Hakuna aliyepokea. Mmoja alisema amefunga, na haikuwa Ramadhani. Mwingine alitoka nje na kiatu kimoja mguuni. Ramiro akarudisha kibuyu kifuani mwake taratibu, kama mtu aliyenyoosha mkono wa salamu ukaachwa hewani.

Mechi zikaanza, na Ramiro hakufunga. Zikaendelea, hakufunga. Washabiki wakaanza kusema timu imeletewa babu. Kocha, mtu mwenye haki lakini asiye na muda, alisema mbele ya wote: dirisha dogo likifunguliwa, ule wakati wa katikati ya msimu wa kusajili na kuacha wachezaji, Ramiro akiwa hajafunga hata bao moja, tutamshukuru na kumtafutia ndege.

Mimi nilikuwa kwenye beseni. Jezi zetu za msimu ule zilikuwa nyeupe, uamuzi wa mtu asiyefua. Kila Jumapili maji yaligeuka mekundu kwa jezi za wengine, na kila Jumapili jezi namba tisa ilirudi imelowa jasho, nzito, imeganda chumvi mgongoni, lakini safi. Haina vumbi begani wala alama ya kiatu cha beki nyongani. Mtu mvivu jezi yake haina jasho. Huyu alikuwa anakimbia mechi nzima na hakuna beki aliyekuwa na sababu ya kumwangusha. Alikuwa hapewi mpira.

Aliyekuwa na mpira ni Hemedi, nahodha wetu, kijana wa Nanganga, kiungo mwenye mguu unaoweza kupitisha pasi kwenye tundu la kufuli. Nilimvizia stoo alipokuja kuchukua soksi.

"Hemedi, mgeni wetu hapati mpira."

"Mpira hauna macho, Babu Vifaa. Unakwenda unakokwenda."

"Mguu wako una macho tangu nikujue."

Akaikunja soksi, akaikunjua. "Babu, wewe mtu mzima, usinisemeshe mambo unayoyajua. Tangu yule mwamba aje na kibuyu chake, mimi nimeteguka enka, nimekosa penalti, na mchumba kanikataa."

"Mchumba alikukataa kabla ligi haijaanza."

"Alikuwa bado anafikiria! Sasa hata kufikiria kaacha. Nyota yangu inanywewa, Babu. Inanywewa kwa mrija."

Hakuwa peke yake. Timu nzima iliamini kwamba kila anayempa Ramiro mpira anampa na nyota yake. Nikaona nilimalize jambo hilo kiutu uzima. Kesho yake, mbele ya wote, nilikwenda kwa Ramiro, nikapokea kibuyu, nikafyonza. Lahaula! Mwarobaini una adabu ukilinganisha na kitu kile. Nilimeza, nikasema ahsante, nikarudi kazini nikitembea kama mtu asiyelia.

Mnadhani ilisaidia? Kesho yake walisema Babu Vifaa naye kashaunganishwa. Wiki nzima kila niliyempa soksi aliniambia, "Weka tu hapo chini, Babu, nitachukua."

Jioni moja Ramiro alikuja kukaa nami nyuma ya stoo nilipokuwa nashona njumu yake. Alikuwa ameelewa kila kitu. Mtu aliyezunguka dunia hahitaji kutafsiriwa migongo ya watu.

"Bwana wangu," alisema, "nimeachwa na timu nyingi kwa sababu ya goti. Kuachwa kwa sababu naogopwa, hii ni mara ya kwanza."

"Kiache kibuyu nyumbani," nilimshauri.

Akakitazama. "Hiki alikuwa akikitumia baba yangu gereji. Kila fundi, kila dereva, alikunywa humu. Nikikificha, watasema nimekificha kwa sababu ni kibaya." Akasema polepole, akichagua maneno, "Najua mwaka huu ni wangu wa mwisho. Nataka mpira wangu uishie uwanjani. Uwanja wa mpira, siyo uwanja wa ndege."

Nilivuta uzi, nikafunga fundo.

Jibu la tatizo hilo lilikuwa jikoni. Mpishi wetu wa kambi alikuwa Mama Somoe, mwanamke wa Malolo, mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la pili. Alikuwa hamwogopi mtu, na wachezaji aliwaita wote wajukuu, hata waliokuwa na ndevu. Ilikuwa imebaki mechi moja kabla dirisha dogo halijafunguliwa, na majani ya Ramiro, yale aliyotoka nayo kwao, yakamwishia. Asubuhi ile alikaa mezani ameshika kibuyu kitupu, kichwa kinamuuma, anatia huruma.

Mama Somoe alitoka jikoni, mikono kiunoni. "Wewe baba, mbona umeshika hicho kidude kama umefiwa?"

"Majani yamekwisha, mama."

"Majani? Majani ndiyo ya kukuliza? Lete hapa!"

Akakinyakua. Meza nzima ikaacha kutafuna. Akatoka nacho nje, kwenye kichaka chake cha mchaichai kando ya mlango wa jiko, akachuma, akakatakata, akatia ndani na kipande cha tangawizi iliyopondwa, akamwagia maji yanayochemka. Mnajua harufu ya mchaichai wa moto asubuhi. Ni harufu ya nyumbani kwa kila mtu aliyekuwa pale. Ya homa za utotoni, ya mama anayekulazimisha umalize kikombe. Ilitembea juu ya meza, ikampitia kila mmoja puani, na niliona mabega yakishuka.

Mama Somoe hakumrudishia Ramiro. Alikiweka mbele ya Hemedi.

"Kunywa, mjukuu."

"Bibi, mimi hicho..."

"Nimetia mimi, kwa mkono huu. Kama ni uchawi, basi ni wangu, na chai yangu unaibugia kila siku ya Mungu, unaongeza na vitumbua. Ningetaka nyota yako ningeshaichukua, nikaiuza, nikajenga."

Mtu mmoja akapasuka kicheko. Hemedi akawatazama wenzake, akamtazama Ramiro, akashika mrija kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mkia wa nyoka, akafyonza. Aliruka kutoka kwenye benchi.

"Vipi, nahodha?" kipa alimuuliza. "Nyota bado ipo?"

"Nyota ipo," alisema Hemedi, akijipepea mdomo. "Ulimi ndio umeondoka."

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mrija wa chuma unashika moto. Ramiro alicheka mpaka machozi yakamtoka, akainuka, akamwonyesha namna ya kufyonza kidogo, pembeni mwa mdomo. Kibuyu kikamfikia kipa. Kikamfikia winga. Kikazunguka meza yote, na Mama Somoe akaongeza maji, na sukari, jambo ambalo Ramiro alinong'ona kuwa kwao lingeleta ugomvi. Kilipomrudia yeye mwisho, alikishika kwa mikono miwili kwa muda kabla ya kunywa.

Mechi ile ya mwisho ilichezwa kwetu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, uwanja umegeuka uji mwekundu. Nilikaa mwisho wa benchi, mahali pangu, begi la njumu za akiba miguuni. Dakika ya mwanzo tu Hemedi alimpa Ramiro mpira, na beki akamkumba, akamlaza matopeni. Nilisimama nikapiga makofi. Daktari wa timu akanishangaa.

"Mtu wetu kaangushwa, Babu, unashangilia?"

"Muda mrefu nilikuwa namsubiri aangushwe," nilimjibu.

Aliangushwa tena na tena. Alipiga mwamba. Alipiga kipa kifuani. Muda ukaenda, ubao bado sifuri kwa sifuri, na kocha ameshaanza kutazama saa kwa namna ya mtu aliyekwisha amua. Kisha Hemedi akaupata mpira, akampita mmoja, akampita wa pili, akabaki na kipa. Alikuwa na goli lote mbele yake. Alikuwa na enka yake, penalti yake aliyoikosa, na mchumba wa kumwonyesha. Uwanja mzima ulimpigia kelele apige.

Hakupiga. Alinyanyua kichwa, akatafuta, akausukuma mpira pembeni, taratibu, katikati ya matope, kwenda mahali ambapo Ramiro alikuwa anakuja.

Bao lenyewe sikuliona. Benchi zima lilisimama mbele yangu, na mimi ni mfupi. Niliona migongo ikiruka, nikasikia sauti ya watu wa Ruangwa na Nachingwea pamoja, kitu ambacho siku za kawaida hakitokei hata kwenye harusi. Wengi hunihurumia nikiwaambia kwamba bao hilo lilinipita. Nawaambia pasi niliiona.

Ramiro alibaki mpaka ufuta ulipovunwa. Hakuwa mfungaji bora wa chochote. Alicheza mechi yake ya mwisho pale pale kwetu, akavua njumu katikati ya uwanja, akanikabidhi. Nyumbani kwao ana gereji sasa, na kwenye simu ananitumia picha za matairi. Njumu ziko rafu ya juu, msizipake rangi. Kibuyu aliwaachia wachezaji. Kiko kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila mchezaji mpya hunyweshwa humo mchaichai asubuhi ya kwanza ya kambi. Baada ya kila matumizi kikausheni vizuri. Mkikuta kimeota weupe ndani, msiite kamati ya ufundi. Ni ukungu, sugueni kwa chumvi.

Lakini nikikaa hapa jamvini na kukumbuka miaka yangu, sianzi na uwanja. Naanza na asubuhi ya siku iliyofuata baada ya bao lile, nyuma ya stoo, jua limetoka baada ya mvua, nimekunja suruali, beseni liko mbele yangu. Niliziacha jezi zote pembeni nikaanza na namba tisa. Matope begani. Matope kifuani, mgongoni, alama nzima ya kiatu cha beki nyongani, kola imechanika. Niliitumbukiza kwenye maji baridi, na kabla sijaigusa kwa sabuni, maji yote yalikuwa yameshakuwa mekundu.